Gemu Moja, Skrini Mbili: Namna ya Kupima Picha ya Mkononi na ya Sebuleni

Nintendo ilipoanza kuuza konsoli ya Switch tarehe 3 Machi 2017, siku hiyohiyo ilitoa na gemu ya The Legend of Zelda: Breath of the Wild. Haukupita muda wachezaji makini wakaona jambo lililowashangaza. Kifaa kikiwa kimewekwa kwenye kitako chake na picha ikaenda kwenye televisheni, gemu ilisuasua katika kijiji cha Kakariko na penye nyasi nyingi. Kikichomolewa na kushikwa mkononi, mahali palepale picha ilitiririka vizuri zaidi. Konsoli ikiwa sebuleni ndiyo hupata umeme wa kutosha na nguvu zaidi, na bado ilishindwa na ile ya kiganjani.

Sababu inaonekana kwenye hesabu. Mkononi gemu hiyo huchorwa kwa pikseli 1280 kwa 720, na kwenye televisheni 1600 kwa 900, yaani pikseli zinaongezeka kwa asilimia 56. Chipu ya michoro hukimbia kwa megahezi 307 au 384 ikiwa mkononi, kutegemea gemu, kisha hupandishwa hadi 768 ikiwa kwenye kitako. Hapo nguvu imeongezeka angalau maradufu. Kumbukumbu, ambayo kila pikseli hupitia, huongezewa kasi kwa takriban asilimia 20 tu. Na nyasi, ukungu na moshi huchorwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likisoma na kuandika kwenye kumbukumbu ileile. Chipu ina nguvu za kubaki, ila njia ya kupitishia kazi yake ni nyembamba. Mwisho wa Machi Nintendo ilitoa sasisho namba 1.1.1, na hali ya televisheni ikawa nzuri zaidi.

Kisa hicho kinafaa kuwa somo la kwanza kwa anayetaka kujua kupima picha za gemu, kwa sababu kinavunja mazoea ya kulinganisha konsoli kwa namba zilizoandikwa kwenye boksi. Mjuzi haanzi na pikseli. Anaanza na wakati.

Gemu ya fremu 60 kwa sekunde ina milisekunde 16.7 za kuandaa kila picha. Ya fremu 30 ina milisekunde 33.3. Televisheni ya kawaida hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, wala haimsubiri mtu. Gemu ya fremu 30 ikichelewa hata milisekunde moja, picha ya zamani hubaki kwenye skrini mpaka zamu inayofuata, na milisekunde 33 zinakuwa 50. Ndiyo maana Breath of the Wild, ilipozidiwa, haikushuka hadi fremu 29 au 28. Iliporomoka mpaka 20, na jicho likaona.

Wastani nao hudanganya. Gemu inaweza kutoa fremu 30 katika kila sekunde na bado ikachosha macho, kwa kuwa picha moja inakaa milisekunde 16, inayofuata 50, nyingine 33. Konsoli za nyumbani hazijaepuka kasoro hiyo. Bloodborne, iliyotoka mwaka 2015 kwa ajili ya PlayStation 4, ni gemu iliyochorwa kwa ustadi mkubwa, lakini mpaka leo husemwa kwa mwendo wake wa kurukaruka hata pale kaunta inaposoma 30 kamili.

Kipimo hiki mtu anaweza kukifanya mwenyewe kwa simu yenye uwezo wa kurekodi fremu 240 kwa sekunde. Simu iegemezwe mahali imara mbele ya skrini ya hezi 60, kamera ya gemu izungushwe taratibu, kisha video iangaliwe hatua kwa hatua. Kila zamu ya skrini huchukua fremu nne za simu. Gemu ya fremu 30 iliyotengenezwa vizuri itaonyesha kila picha kwa fremu nane, nane, nane. Ikionekana nne, kisha kumi na mbili, kisha nane, basi mwendo wake ni mbovu, matangazo yaseme yatakavyo. Video zinazorekodiwa na Switch yenyewe hazifai kwa kazi hii, maana huhifadhiwa kwa fremu 30 hata kama gemu inakimbia kwa 60.

Fremu 40 kwa sekunde zinastahili sifa kuliko zinavyopata. Kwa namba, 40 iko karibu na 30 kuliko 60. Kwa muda, kila picha huchukua milisekunde 25, na hapo ni katikati kabisa ya 33.3 na 16.7. Steam Deck, konsoli ya mkononi ya Valve iliyotoka Februari 2022, huruhusu skrini yake kushushwa hadi hezi 40 ili ilingane na gemu. Cyberpunk 2077 kwenye Switch 2 nayo ina chaguo la fremu 40, mkononi na kwenye televisheni. Anayecheza gemu nzito kwenye kifaa kidogo ajaribu chaguo hilo kabla ya mengine yote.

Baada ya wakati ndipo zifuate pikseli, na pikseli hazisemi kitu bila skrini. Switch ya kwanza ina skrini ya inchi 6.2 yenye pikseli 1280 kwa 720, ambazo ni kama pikseli 237 katika kila inchi. Televisheni ya inchi 55 ikionyesha picha ya 1920 kwa 1080 ina takriban 40 kwa inchi. Mchezaji hushika kifaa karibu na uso na hukaa mbali na televisheni, kwa hiyo jicho lake hupata ukali unaokaribiana kutoka kwa picha mbili ambazo moja ina pikseli mara mbili na zaidi ya nyingine. Anayechukua picha ya kiganjani na kuikuza kwenye televisheni ili aicheke, amepima kitu ambacho hakuna mchezaji anayekiona.

Wachambuzi hujua idadi halisi ya pikseli hata msanidi asipoitaja. Hutafuta ukingo uliolala kidogo, kama vile paa la nyumba au waya wa umeme, wakaukuza mpaka ngazi zake zionekane. Kwenye picha yenye mistari 1080, wakikuta mistari 30 imebeba ngazi 20 tu, wanajua gemu ilichorwa kwa mistari 720 kisha ikavutwa. Digital Foundry ya Uingereza imejijengea jina kwa uchambuzi wa namna hii.

Mfano wa kusoma kwa makini kuliko yote ni The Witcher 3. Gemu hiyo ya CD Projekt Red ya Poland ilitoka Mei 2015 kwenye PlayStation 4, Xbox One na kompyuta. Wengi waliamini haiwezi kuingia kwenye Switch, yenye kumbukumbu ya gigabaiti nne wakati PlayStation 4 ina nane. Saber Interactive wakaiingiza. Oktoba 2019 ilitoka nzima, pamoja na nyongeza zake zote mbili kubwa, katika kadi moja ya gigabaiti 32. Kwenye televisheni hufika hadi mistari 720, na mkononi hadi 540. Idadi hiyo hupanda na kushuka kadiri mandhari inavyokuwa nzito.

Ukungu wa picha yake hauna ubishi. Mistari 540 ikivutwa kwenye skrini ya mistari 720 haiingii kwa hesabu sawa, kila pikseli inabidi igawiwe jirani zake, na nywele za Geralt, mhusika mkuu, huishia kuwa kama zimepakwa mafuta. Sasa mpimaji atazame vilivyokatwa na vilivyoachwa. Vivuli vya mbali vimefifia, tekscha za kuta na ardhi zimepunguzwa, majani yameondolewa maelezo. Lakini mwanga wa jioni juu ya vinamasi vya Velen upo, miti inayumba upepo ukivuma, na uso wa mtu anayezungumza bado unasomeka huzuni au hila. Waliofanya kazi hiyo walijua mchezaji hutazama wapi, wakabana matumizi kule asikotazama. Huo ndio ufundi, na ndio unaotofautisha toleo la mkononi lililofikiriwa na lile lililobanwa tu mpaka likaingia.

Doom ya 2016 ilipita njia nyingine. Panic Button walipoileta kwenye Switch mwezi Novemba 2017 walikata fremu kutoka 60 hadi 30, wakashusha na pikseli. Kwa gemu ya kutembea na kuongea, hasara hiyo ingevumilika. Doom ni ya kasi, ya kugeuka na kufyatua risasi papo hapo, na anayetoka kwenye toleo la PlayStation 4 huhisi uzito vidoleni kabla macho hayajalalamika. Kiufundi kazi ile ni ya kuheshimiwa. Kwa uchezaji, toleo la nyumbani linaishinda kwa mbali.

Kuna jaribio jingine ambalo wengi hawalijui, nalo ni zuri sana kwa konsoli yenye sura mbili kama Switch ya kwanza. Prosesa yake hukimbia kwa megahezi 1020 iwe mkononi au kwenye kitako. Kinachopandishwa ni michoro na kumbukumbu. Kwa hiyo mpimaji atafute mahali gemu inapokwama, sokoni penye watu wengi au kwenye vita, apacheze kwa hali zote mbili. Ikikwama sawasawa, mzigo uko kwa prosesa, inayoendesha umati, mienendo na mgongano wa vitu, na kuhamia kwenye televisheni hakutasaidia. Ikikwama upande mmoja tu, tatizo ni la michoro au kumbukumbu, na mchezaji ana njia ya kulikwepa.

Mashabiki wa mpira nao wana lao. Katika vibanda vya gemu vya Dar es Salaam na Nairobi, FIFA ya PlayStation ndiyo malkia, na mtu aliyeizoea huko akishika ya Switch hugundua tofauti dakika ya kwanza. Kuanzia FIFA 20 hadi FIFA 23, toleo la Switch liliuzwa kwa jina la Legacy Edition. Jezi na vikosi vilikuwa vipya, uchezaji ukabaki uleule wa zamani. Teknolojia ya Frostbite, iliyokuwa kwenye konsoli nyingine tangu FIFA 17, ilifika Switch mwaka 2023 na EA Sports FC 24, mrithi wa FIFA. Hapa ukali wa picha haukuwa na kosa: FIFA 18 ya Switch ilikimbia kwa fremu 60, na kwenye televisheni ilifika mistari 1080. Kilichopungua ni nyuso za wachezaji, nyasi za uwanja, namna miili inavyogongana. Kipimo cha namba kingeipitisha, na jicho la mshabiki lingeikataa.

Nguvu ya sebuleni haihakikishi kitu pia. Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 2020 ikiwa na hali mbaya kwenye PlayStation 4 kiasi kwamba Sony iliiondoa dukani wiki moja baadaye, ikairudisha Juni 2021. Mwaka 2025 gemu hiyohiyo ilifika kwenye Switch 2, kifaa cha kushika mkononi, ikachezeka kwa utulivu. Miaka ya kusahihisha makosa na chipu mpya inayoweza kujaza pikseli kwa akili mnemba vilifanya kazi pamoja.

Switch 2 imeleta tena kile kitendawili cha mwaka 2017, kwa namna tofauti. Skrini yake ya inchi 7.9 inaweza kubadilisha mwendo wake ufuate wa gemu, hadi mara 120 kwa sekunde, hivyo fremu ikichelewa kidogo haionekani kuruka. Uwezo huo uko mkononi tu. Kwenye televisheni haupo. Kwa upande mwingine, skrini hiyo ni nzito kubadilisha rangi, na vitu vinavyopita kwa kasi huacha ukungu nyuma yao. Anayelinganisha aandike yote mawili.

Maandishi husahaulika, nayo huharibu gemu nzuri kuliko vivuli. Menyu iliyobuniwa kwa ajili ya televisheni ikishuka kwenye skrini ya inchi sita, maelezo ya silaha hugeuka vumbi. Valve, kabla ya kuipa gemu alama ya kufaa kabisa kwa Steam Deck, hudai herufi ndogo kuliko zote isipungue pikseli tisa kwa urefu kwenye skrini ya 1280 kwa 800. Hata kwa konsoli nyingine, kigezo hicho kinafaa kutumika kama kilivyo.

Betri nayo ihesabiwe kama sehemu ya ubora wa picha. Switch ya 2017 ilitajwa kudumu kati ya saa mbili na nusu na sita na nusu, na Breath of the Wild iliimaliza kwa takriban saa tatu. Kwenye Steam Deck mchezaji huamua mwenyewe: apunguze wati, apate saa zaidi, apoteze fremu. Picha ya kuvutia inayozima njiani kati ya Dar es Salaam na Morogoro haijamfaa msafiri.

Kwa anayetaka kuona kazi isiyohitaji kutetewa, Metroid Prime Remastered ya Retro Studios, iliyotoka Februari 2023, inakimbia kwa fremu 60 mkononi na kwenye televisheni, kwenye Switch ileile iliyoilazimu Doom ishuke hadi 30. Sehemu kubwa ya mwanga wake imepakwa mapema kwenye kuta na sakafu badala ya kukokotolewa kila fremu, na vyumba vyake vimepangwa ili kifaa kisibebe zaidi ya kinachoonekana.

Mwenye fedha ya nakala moja tu achukue Doom ya konsoli ya nyumbani bila kusita. The Witcher 3 inunuliwe ya Switch ikiwa mnunuzi ni mtu wa safari, na akiwa tayari anayo kwenye kompyuta, sasisho la Februari 2020 linamruhusu kuhamisha mchezo wake kutoka huko hadi mkononi na kuendelea pale alipoishia.