Utundu si utafiti: kahawa, magadi na picha za bibi

Kama unafuatilia video za watu wanaopenda kamera za mkanda, lazima umeshakutana na ile ya kahawa. Mtu anachukua kahawa ya papo hapo, anaongeza soda na vitamini C, anatikisatikisa kwenye kitangi jikoni kwake, na baada ya dakika 15 anachomoa mkanda wenye picha. Halafu anamalizia kwa sentensi ile ile: unaona, kila mtu ni mwanasayansi.

Leo naikosoa hiyo sentensi. Kahawa yenyewe sina ugomvi nayo, inafanya kazi kweli. Ninachokosoa ni ule utundu usiotulia, wa kugusa hiki, kubadilisha kile, kuhamia kingine, halafu tukauita utafiti. Na kabla hujaniuliza, ndiyo, na mimi ni mtundu wa aina hiyo. Nina shahada ya uzamili ya kemia na bado nimeharibu mkanda ambao siwezi kuupiga tena.

Kwanza tuipe kahawa haki yake

Ndani ya mkanda wa picha nyeusi na nyeupe kuna punje ndogo sana za chumvi za fedha, hasa bromidi ya fedha, zilizotandazwa kwenye jelatini. Ukibonyeza kamera, mwanga unazigusa baadhi ya punje na kuacha ndani yake atomu chache za fedha tupu. Kwa macho huoni kitu, picha ipo lakini imejificha. Kazi ya dawa ya kusafishia ni kuzipa elektroni punje zilizoguswa na mwanga, mpaka punje nzima igeuke fedha na kuwa nyeusi. Punje ambazo hazikuguswa nazo zinageuka, ila polepole sana. Kwa hiyo kusafisha picha ni mashindano ya kasi mbili: ukitoa mkanda mapema picha inakuwa hafifu, ukichelewa mno unapata ukungu.

Sasa, elektroni za kwenye kahawa zinatoka wapi? Wengi hudhani ni kafeini. Hapana. Mwaka 1995, Scott Williams na wanafunzi wake katika Rochester Institute of Technology, Marekani, walionyesha kwamba kahawa inaweza kusafisha picha, na kinachofanya kazi ni asidi ya kafeiki. Majina yanafanana, lakini ni kemikali mbili tofauti. Asidi ya kafeiki ina vikundi viwili vya oksijeni na haidrojeni vilivyokaa jirani kwenye pete ya kaboni. Ukiiweka kwenye maji yenye alkali ya kutosha, inaachia elektroni kwa urahisi. Alkali hiyo ndiyo kazi ya soda. Vitamini C inaongeza nguvu na kupunguza ukungu.

Kipimo kinachojulikana sana ni hiki: kwa lita 1 ya maji, gramu 54 za soda kavu ya kufulia (sodiamu kaboneti), gramu 16 za vitamini C na gramu 40 za kahawa ya papo hapo, kwa dakika 15 kwenye nyuzi joto 20. Na kahawa inayofaa zaidi ni ya bei rahisi yenye robusta nyingi, kwa sababu robusta ina zaidi ya kemikali za jamii hiyo kuliko arabika. Kwa mtu wa Kagera kama mimi, niliyelelewa katikati ya mibuni ya robusta, hapo nilijisikia vizuri kidogo.

Kama somo la kemia, hili naipa alama zote. Unaona nani anatoa elektroni na nani anapokea, mezani kwako, kwa vitu unavyovijua majina. Vitabu vyetu vya sekondari vingetamani mfano kama huu.

Tatizo linapoanzia

Video inaonyesha mkanda mmoja uliofanikiwa. Huoni mkanda wa kulinganisha, na huambiwi ingekuwaje kama soda ingepungua au maji yangekuwa ya moto. Wiki inayofuata mtu huyo huyo ameshahamia kwenye chai, halafu divai, halafu majani ya mnanaa. Kila kitu "kimefanya kazi". Kwa kiasi gani? Kuliko nini? Haulizi mtu.

Nami nikaingia humo humo. Mkanda wangu wa kwanza nilifuata kipimo kama kilivyo. Soda ya kufulia sikuipata, kwa hiyo nilichukua soda ya kuokea (sodiamu baikaboneti) nikaioka kwenye oveni. Joto linafukuza maji na hewa ukaa, na kinachobaki ni kaboneti. Unaweza kuhakikisha kwa mizani: gramu 100 zinatakiwa kushuka hadi karibu 63. Nilipima, zikashuka. Maji nilipoza kwa barafu mpaka kipimajoto cha kioo kikasoma 20. Picha zikatoka safi.

Kumbe mafanikio hayo ndiyo yaliyoniponza. Nilisafiri kwenda Muleba wakati nyumba ya zamani ya bibi inakaribia kubomolewa. Nilimpiga bibi picha mlangoni, barazani, na kwenye uwanja anakoanikia kahawa. Simu niliiacha kwenye begi. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba mkanda "ni mkweli zaidi" kuliko simu.

Niliporudi Dar es Salaam sikutaka kurudia kitu nilichokwisha kufanya. Nilitaka toleo la kienyeji kabisa, lisilo na oveni wala barafu. Basi nikabadilisha mambo matatu kwa mpigo.

La kwanza, badala ya soda iliyookwa nilitumia magadi ya sokoni, yale ya kupikia maharage, gramu 54 zile zile. La pili, niliachana na barafu nikapunguza muda hadi dakika 7, kwa kuwa kihisio nilichokiunga mwenyewe kwenye kikompyuta changu cha nyumbani kilisema chumba kina nyuzi 31, nami nikachukulia kwamba na maji ni hivyo hivyo. La tatu, kahawa nilikadiria kwa kijiko. Vipimo vya mkanda wa kwanza nilikuwa nimeviandika kwenye ukurasa wangu, lakini katikati hapo nilikuwa nimeuhamisha mara mbili kwenye programu mpya za kuendeshea tovuti, na jedwali la vipimo halikufika salama. Miezi ile nilibadilisha sura ya ukurasa mara nyingi kuliko nilivyoandika.

Mkanda ukatoka karibu mweupe wote. Kwenye fremu moja tu ndiyo unaona mng'ao wa paa. Nilimwonyesha bibi, akaigeuzageuza kwenye mwanga. "Hili ni bati, mjukuu wangu. Mimi niko wapi?"

Kosa halikuwa kushindwa

Utaniambia: si umejifunza? Majaribio hushindwa, ndiyo sayansi. Utetezi huu nausikia sana, na ndio ninaoupinga zaidi. Siku ile sikujifunza chochote. Nilikuwa na matokeo mabaya na washtakiwa watatu, na sikuwa na namna ya kuwatenganisha. Jaribio lililoshindwa linafundisha pale tu ulipolipanga hivi kwamba likishindwa, litakwambia kwa nini.

Nilichojifunza kilikuja wiki mbili baadaye, nilipotulia. Niliweka kipimajoto cha kioo ndani ya ndoo: nyuzi 26. Kihisio nilikuwa nimekibandika karibu na kikompyuta chenyewe, kwa hiyo kilikuwa kinapima joto la mashine. Miezi yote ile nilikuwa nimeandika upya msimbo wa grafu zake, na sikuwahi hata siku moja kukilinganisha na kipimajoto cha kawaida.

Kisha magadi. Madini haya, kama yale ya Ziwa Magadi kule Kenya, ni mchanganyiko wa kaboneti, baikaboneti na maji. Hata yakiwa safi kabisa, kaboneti ni chini kidogo ya nusu ya uzito, na ile baikaboneti inazuia alkali isipande inavyotakiwa. Nilikata vipande viwili vya ncha ya mkanda, ile sehemu ambayo tayari imepigwa mwanga wakati wa kuupachika kwenye kamera. Kahawa ile ile, maji yale yale, muda ule ule, tofauti ikiwa soda peke yake. Kipande cha soda iliyookwa kilikuwa cheusi. Cha magadi kilibaki kijivu.

Jaribio hilo lilichukua chini ya nusu saa. Lingefanyika kabla, bibi angekuwepo kwenye picha.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Utundu una thamani, ndio unaotufanya tufungue kitu tuone ndani kuna nini. Lakini una udhaifu mmoja mkubwa: kubadilisha kunaleta hisia ya kusonga mbele, hata kama uko pale pale. Programu mpya, kihisio kipya, dawa mpya, vyote vinakupa furaha ya siku ya kwanza. Kurudia jambo lile lile mara tatu na kuandika namba hakuna furaha hiyo, na hakuna anayekutazama mtandaoni ukifanya hivyo. Utafiti mwingi unakaa humo.

Na ule "ukweli" wa mkanda? Mkanda hauna ukweli wa pekee. Una kemia, na kemia haijali nia yako.

Ukitaka kujaribu kahawa, jaribu, nakuhimiza. Ila badilisha kitu kimoja kwa wakati. Andika vipimo kwenye daftari la karatasi. Pima joto la maji kwenye maji. Jaribu kipande cha ncha kabla hujatumbukiza mkanda mzima. Na kama ni picha usiyoweza kuirudia, piga na simu pia.

Mwezi wa kumi na mbili nakwenda tena Muleba. Nyumba haipo, ila bibi yupo. Nitachukua soda iliyookwa, kipimajoto cha kioo na daftari, na kipimo kitakuwa kile kile cha mkanda wa kwanza.