Ufundi wa Kuiacha Nyama

Mchomaji hodari hutambulika hata kabla nyama haijaanza kunukia: hana pilikapilika. Amesimama kando ya jiko na koleo lake, macho yako motoni, na dakika zinapita bila yeye kugusa kitu. Anayehangaika ni yule asiyejua. Huyo anapepea, anageuza, anatoboa kwa ncha ya kisu aone kama damu imekwisha, anamwagia bia, anageuza tena. Wageni wasiojua mambo humsifu kwa bidii yake. Wenye kujua huvuta viti upande wa yule aliyetulia.

Katika mapishi yetu, hakuna linaloonekana rahisi kama kuchoma mbuzi uani kwa ajili ya ndugu na marafiki. Mbuzi, chumvi, moto, basi. Uchache huo ndio mtihani wenyewe. Mpishi wa pilau akizidisha mdalasini, ana mchele na kitunguu vya kumsitiri. Mpishi wa mchuzi ana nazi. Mchomaji hana pa kujificha. Nyama ikishakauka imekauka, na watu wote wanaiona sinia inaposhuka mezani. Ndiyo maana ufundi wake mwingi umo katika kujizuia, na kila anachojizuia kukifanya kina sababu yake.

Sababu ya kwanza ni mbuzi mwenyewe. Mbuzi wetu wa kienyeji ametembea sana, amekula majani ya vichaka na maganda ya mgunga, na nyama yake ina ladha ambayo mnyama wa zizini haipati. Lakini ni nyama kavu. Mbuzi huhifadhi mafuta yake tumboni na kuzunguka figo, si katikati ya nyuzi za nyama kama ng'ombe aliyenenepeshwa. Kwa hiyo mnunuzi makini, awe katika mnada wa Jumamosi wa Msalato nje kidogo ya Dodoma au Kiamaiko jijini Nairobi, hadanganywi na tumbo kubwa. Hupapasa mgongo karibu na kiuno, kisha kidari, asikie kama mifupa imefunikwa vizuri. Dume aliyehasiwa mapema humfaa kuliko beberu, kwa sababu beberu huja na harufu ambayo ndimu haiiondoi.

Kisha kuna suala la saa. Misuli ya mnyama aliyechinjwa hukakamaa baada ya saa chache, halafu hulegea taratibu. Nyama inayowekwa motoni ikiwa katika ukakamavu huo huyashinda meno, hata moto uwe mzuri namna gani. Ndiyo maana wenye nafasi huchinja jioni ya kuamkia shughuli na kuitundika nyama mahali penye ubaridi, nzi wasipoifikia. Hapo kazi ya kusubiri inakuwa imeanza kabla hata mkaa haujanunuliwa.

Mkaa nao una daraja. Wa mgunga ni mzito, na ukigonganisha vipande viwili hutoa mlio mkavu. Huwaka muda mrefu pasipo kurusha cheche. Wa mti laini hushika upesi na kufa kabla paja halijaiva. Mwenye pupa huweka nyama wakati mkaa bado una pembe nyeusi na ndimi za njano zinacheza juu yake. Fundi husubiri mpaka majivu mepesi yaufunike wote, kisha huyasukuma makaa mengi upande mmoja na kuacha machache upande wa pili. Kipimajoto chake ni kiganja. Akikishikilia usawa wa wavu na kikavumilia kuhesabu moja hadi tano au sita, hapo ni mahali pa kuivishia. Asipofika tatu, hapo ni mahali pa kubabulia tu.

Kutenga pande mbili kunahusu moshi kuliko watu wanavyodhani. Mkaa ni kuni iliyokwisha kupoteza sehemu kubwa ya moshi wake tanurini, ilipochomwa kwa hewa kidogo. Ile harufu inayomfanya jirani achungulie juu ya ukuta hutokana hasa na matone ya mafuta na maji ya nyama, yanayodondoka juu ya makaa, kuungua, na kurudi juu kuipaka nyama. Matone machache huleta ladha. Yakizidi, moto hulipuka na kuacha masizi machungu. Mwanafunzi hukimbilia kikombe cha maji, na maji yale hurusha majivu juu ya nyama. Fundi huisogeza tu nyama upande wa makaa machache, ule moto ukakosa mafuta na kushuka wenyewe, kisha huirudisha.

Wamaasai walilimaliza tatizo hilo bila wavu. Vipande vikubwa hutungwa kwenye vijiti vilivyochongwa, na vijiti huchomekwa ardhini kuuzunguka moto, vikiuinamia. Nyama hukaa kando ya moto badala ya juu yake, na mafuta yanayodondoka huishia mchangani. Katika olpul, kambi ya porini ambako morani hula nyama pamoja na supu ya mizizi na magome, hakuna mwenye haraka, na mpango huo wa vijiti hauruhusu haraka.

Katika chumvi watu wana madhehebu yao. Bara wengi hutumia chumvi tupu, au maji ya chumvi yanayonyunyizwa wakati wa kugeuza. Pwani, wapenzi wa mishkaki huloweka nyama ya ng'ombe kwa tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na papai bichi. Papai bichi lina kimeng'enya kinachovunja nyuzi ngumu, na kwa vipande vidogo vya mshikaki hilo ni jambo jema. Lakini likipitiliza muda wake, uso wa nyama huwa rojorojo. Paja zima la mbuzi halihitaji hayo. Linahitaji chumvi iliyotiwa kwa wakati wake. Chumvi kwanza huvuta maji nje, kisha maji hayo hurudi ndani yakiwa yamekolea. Ama uitie saa moja au zaidi kabla, ama uitie nyama inapopanda motoni. Ukiitia katikati ya nyakati hizo, nyama hupanda ikiwa na jasho, na uso wenye maji hauwezi kushika rangi.

Sehemu ninayoistahi zaidi ni upangaji wa zamu. Watu wa uani wana njaa tangu walipoingia getini, watoto wanazunguka, shemeji amefika na marafiki wawili ambao hawakuhesabiwa. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji atapona tu iwapo mchomaji amepanga vizuri. Maini na figo hutangulia, maana huiva kwa dakika chache na huharibika zikizidishwa; hukatwa vipande vidogo na kupitishwa kwenye sahani moja. Kichwa na miguu viko sufuriani tangu asubuhi, na supu yake huwashikilia wazee. Mbavu hufuata. Mkono na paja vimewekwa mapema upande wa makaa machache, na havizungumzwi.

“Baba mdogo, bado tu?”

“Bado, mwanangu. Maliza hiyo figo kwanza.”

Kinachoendelea ndani ya paja wakati huo kinaeleza kwa nini jibu ni bado. Nyama inapofika nyuzi joto 60 na kitu, misuli hujikamua na kutoa maji yake. Lakini zile tishu nyeupe zinazoifunga misuli, ambazo ndizo zinazoufanya mkono na mbavu za mbuzi kuwa ngumu, hulainika vizuri zaidi ya nyuzi 70, tena polepole, zikigeuka ute unaonata midomoni. Moto mkali hukausha kabla haujalainisha. Moto wa kadiri huyafanya yote mawili kwa uwiano, na hakuna namna ya kuuharakisha uwiano huo.

Wachomaji wa Texas wanalijua hili kwa njia yao. Wao huchukua kidari cha ng'ombe, kipande kigumu kweli, wakakifungia ndani ya tanuri la chuma lenye moshi wa mwaloni, kwenye joto la nyuzi 110 hadi 120 hivi, kwa saa 12 au zaidi. Mahali fulani njiani joto la nyama hugoma kupanda kwa saa nyingi, kwa sababu maji yanayovukizwa usoni yanaipoza. Anayeanza huingiwa na hofu na kuongeza kuni. Aliyezoea huacha mfuniko ulivyo. Wanyama ni tofauti na majiko ni tofauti, ila makosa ya pupa ni yaleyale.

Kipimo cha juu kabisa kwetu ni ndafu, yule mbuzi mzima wa Kilimanjaro anayepambwa kwa majani na kuletwa mbele ya wageni wa harusi. Hapo zamu hazipo: mbavu nyembamba na paja nene viko juu ya moto mmoja. Fundi hulazimika kuupanga moto badala ya nyama, makaa yakiwa mengi chini ya mapaja na mabega, na kidogo katikati. Mafuta ya figo hayatupwi; huyeyushwa na kupakwa mgongoni, kumrudishia mbuzi ule unono ambao maumbile yaliuweka tumboni.

Nyama ikishuka haikatwi papo hapo. Huachwa kwenye ubao kwa dakika kumi hivi, joto lisambae na maji yatulie, kisha hukatwa kwa kukingama nyuzi. Chumvi kidogo huwekwa pembeni, na kachumbari yenye ndimu hukata unono. Ugali au ndizi za kuchoma, pilipili mbuzi kwa wanaothubutu, na maji ya kunawa yakipitishwa kuanzia kwa wakubwa. Mchuzi hauhitajiki. Ukiona mtu anauliza sosi, mtazame mchomaji usoni.

Vijana huingia katika kazi hii kwa ngazi. Wa kwanza hupewa kupepea na kukung'uta majivu. Akishaujua moto, hupewa maini, ambayo humwonyesha kosa lake ndani ya dakika mbili. Baadaye mbavu, na baada ya shughuli nyingi, paja. Kuwasha na kukata hujifunzwa upesi. Kinachochelewa ni uamuzi. Siku atakapoachiwa jiko zima, mashangazi wakilalamika kwamba njaa inauma na wajomba wakimpa ushauri usioombwa, akaweza kusema “bado” bila kuyumba, kisha akasema “tayari” bila kuongeza hata dakika moja ya kujihakikishia, watu watamwita fundi, na atakuwa amestahili.