Bazzite: Linux ya Wacheza Gemu Imewiva

Elden Ring inacheza kwenye kompyuta yangu ya mezani, na inacheza juu ya Linux! Sikuandika amri hata moja. Sikuzunguka mtandaoni kusaka draiva. Niliingia kwenye duka la gemu la Steam, nikapakua gemu, nikabonyeza kitufe cha kucheza, ikafunguka. Nimemtimua farasi Torrent kwenye nyanda za Limgrave mpaka usiku wa manane, na bado nashangaa kwa nini habari hii haijamfikia kila mwenye kompyuta ya gemu.

Habari yenyewe inaitwa Bazzite. Ni mfumo endeshi wa bure uliojengwa juu ya Fedora na watu wa mradi wa Universal Blue, na lengo lake ni kuichukua raha ya Steam Deck, ile kompyuta ya mkononi ya kampuni ya Valve, na kuileta kwenye mashine uliyonayo nyumbani. Kwa miaka mingi sisi tunaoipenda Linux tuliwaomba wacheza gemu wavumilie kidogo kwa ajili ya uhuru. Bazzite haimwombi mtu uvumilivu. Unaiweka kwa sababu gemu zinacheza, na uhuru unaukuta humohumo.

Mashine niliyoitumia si ya kutishia mtu. Ina prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha 7, RAM ya GB 16 na kadi ya picha ya AMD Radeon RX 580, kadi iliyotoka mwaka 2017. Windows 11 haiikubali rasmi: kwa upande wa Intel, Microsoft inataka prosesa za kuanzia kizazi cha 8, ukiacha chache mno za kizazi cha 7. Na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine za umri huu zimejaa kwenye maduka ya Kariakoo na Luthuli Avenue, zimetoka kwenye maofisi ya Ulaya zikiwa na afya tele. Ukiongeza kadi ya picha ya mtumba, umepata kompyuta ya gemu. Kuiita takataka kwa sababu ya orodha ya prosesa ni dhuluma.

Kuiweka

Ukurasa wa kupakua hukuuliza maswali machache tu: mashine yako ni ya aina gani, kadi ya picha ni ya kampuni gani, na je, unataka ikiwaka iingie moja kwa moja kwenye hali ya gemu? Ukijibu unapewa faili linalokufaa. Mwenye Nvidia anapata faili ambalo draiva zimo ndani tayari. Mwenye AMD kama mimi hahitaji hata hilo, maana draiva zake ni sehemu ya Linux yenyewe. Unaliandika faili kwenye flashi, unawasha kompyuta kupitia flashi hiyo, unachagua diski, kisha unakwenda kuchemsha chai.

Kuna hatua moja ya kuwa macho nayo. Kama kinga ya Secure Boot imewashwa kwenye mashine yako, mara ya kwanza ya kuwasha utakutana na skrini ya bluu inayotisha kidogo. Usikurupuke. Chagua mstari wa Enroll MOK, endelea, kisha andika nywila universalblue kwa herufi ndogo. Umemaliza, na skrini hiyo haitakusumbua tena.

Kuicheza

Halafu ikawaka, na hapo ndipo nilipodata! Hakuna dawati la kompyuta wala msururu wa matangazo. Unatua moja kwa moja kwenye uso wa Steam, gemu zako zimejipanga kwa picha kubwa, kila kitu kinaendeshwa kwa pedi ukiwa umejilaza kwenye kochi. Niliunganisha pedi ya Xbox kwa Bluetooth, ikashika bila longolongo. Kitufe kimoja kinafungua paneli ya pembeni: humo unaweka kikomo cha fremu, unakuza picha ya gemu nzito iliyochorwa kwa ukubwa mdogo, na unaonyesha kwenye kona ya skrini jinsi prosesa, kadi na RAM zinavyopumua.

Kabla ya Elden Ring kufunguka, Steam ilisimama kidogo ikichakata sheda za Vulkan. Usiikatishe. Sheda ni programu ndogondogo zinazoieleza kadi namna ya kupaka mwanga, moshi, maji na vivuli. Zikitayarishwa mapema, gemu haishtukishtuki kila unapokutana na kitu kipya. Kwa mipangilio ya chini na ya kati nilipata mwendo mtamu uliotulia. Kisha nikabonyeza kitufe cha kuzima katikati ya pambano, kompyuta ikalala. Nilipoiamsha, askari niliyekuwa nikipambana naye alikuwa palepale, upanga juu, ananisubiri. Si mchezo!

Ukitaka kazi nyingine, unachagua kuhamia kwenye dawati na unakuta KDE Plasma, dawati kamili la kuandikia, kuvinjari na kutazama filamu. Lutris imo tayari kwa ajili ya gemu zisizotoka Steam, na Heroic unaipata kirahisi kama una gemu za Epic au GOG.

Kinachofanya kazi chini yake

Sifa kubwa ni ya Proton, chombo cha Valve kinachowezesha gemu za Windows kucheza kwenye Linux. Gemu ya Windows inapotaka kuchora kitu, huomba kupitia Direct3D, ambayo ni mali ya Microsoft. Ndani ya Proton, DXVK hupokea maombi ya Direct3D za hadi toleo la 11, na VKD3D-Proton hupokea ya toleo la 12, kisha zote mbili huyageuza papo hapo kuwa lugha ya Vulkan, ambayo kadi inaielewa vizuri kwenye Linux. Mengine yote, kuanzia mafaili hadi sauti, husimamiwa na Wine, mradi ulioanza mwaka 1993. Fikiria subira hiyo! Watu wamejenga tofali kwa tofali kwa zaidi ya miaka 30, wengi wao bila malipo, ili leo mimi na wewe tubonyeze kitufe kimoja tu.

DXVK yenyewe ilianza kwa sababu ya kupendeza mno: Mjerumani Philip Rebohle alitaka kucheza Nier: Automata kwenye Linux. Valve ikaiona kazi yake, ikaanza kumlipa, na Agosti 2018 ikatoa Proton kwa kushirikiana na kampuni ya CodeWeavers. Kisha, tarehe 25 Februari 2022, ikaingiza sokoni Steam Deck inayoendeshwa na Linux. Siku hiyohiyo Elden Ring nayo ikatoka. Kwenye Windows wachezaji wengi walilalamika kwamba gemu inakwamakwama. Wahandisi wa Valve waligundua kwamba kuna mahali gemu huumba maelfu ya vitu kwa mpigo na kuilemea programu inayosimamia kumbukumbu, wakarekebisha ndani ya Proton ili vitu hivyo vitunzwe na kutumika tena. Gemu ya Windows, iliyorekebishwa kwenye Linux, na watu ambao hawakuitengeneza! Tangu wakati huo sijawahi kuitilia shaka Proton.

Na wachezaji wanahamia. Katikati ya mwaka 2021, Linux ilikuwa kwenye takriban 1% ya kompyuta katika utafiti wa Steam. Oktoba 2025 ilivuka 3%. Kwa macho ya haraka ni tarakimu ndogo, lakini Steam hukusanya makumi ya mamilioni ya wachezaji kwa wakati mmoja. Lenovo nayo tayari imetoa kompyuta ya mkononi ya Legion Go S inayouzwa ikiwa na SteamOS, Linux ya Valve, kutoka kiwandani.

Kuna jambo jingine linalonipa usingizi mzuri. Bazzite husasishwa kama kitu kimoja kizima, na toleo la nyuma halifutwi. Sasisho likiharibu kitu, unawasha upya na kuchagua mstari wa toleo lililotangulia kwenye menyu ya mwanzo. Unarudi mahali ulipokuwa, gemu na mafaili yako hayajaguswa. Ukimwekea mdogo wako mfumo huu, hana jinsi rahisi ya kuuvuruga.

Yasiyocheza

Sasa tuambizane ukweli, maana kuna watu watakaoumia wakikurupuka. Gemu kadhaa za mtandaoni hutumia programu za kuzuia udanganyifu zinazojichimbia ndani kabisa ya Windows, na hizo hazikubali Linux. Valorant haichezi. Fortnite haichezi. Apex Legends ilifunga mlango Oktoba 2024. GTA V hadithi yake inacheza vizuri, lakini GTA Online imefungwa tangu Septemba 2024. Na kwa sisi wapenzi wa kandanda hapa ndipo panapouma zaidi: EA Sports FC za karibuni hazifunguki. Mara nyingi hili si suala la Linux kushindwa kitaalamu. Programu mbili za aina hiyo, Easy Anti-Cheat na BattlEye, zimeweza kufanya kazi na Proton tangu 2021, ila mwenye gemu lazima aamue kuruhusu. Kadiri tunavyoongezeka, ndivyo uamuzi huo unavyokuwa mgumu kuukwepa.

Jambo la pili ni bando. Faili la kuanzia lina gigabaiti kadhaa, na masasisho nayo ni mazito. Tafuta Wi-Fi ya uhakika kabla hujaanza.

Uamuzi

Kama maisha yako ni FC na rafiki zako au Valorant kila jioni, baki ulipo kwa sasa. Kama unacheza Elden Ring, The Witcher 3, Cyberpunk 2077, Hades, Stardew Valley, Dota 2 au Counter-Strike 2, usisubiri hata wiki moja! Pitia kwanza ProtonDB, ambako wachezaji huripoti gemu baada ya gemu, uone zako zinasemaje. Ukiweza, tumia diski ya pili, acha Windows palepale ilipo, cheza na Bazzite mpaka uridhike. Mimi nimekwisha kuridhika. Diski ya Windows niliyoiweka kando kwa tahadhari naifuta wikiendi hii, kwa sababu gemu zangu zinahitaji nafasi.