Taa Inayojua Kiasi Chake

Taa nyingi za kuchaji hufa kifo kimoja. Huwaka kwa nguvu zote, hufifia, kisha husahaulika zikiwa zimewashwa hadi asubuhi. Seli ya kawaida ya lithiamu-ioni iliyojaa hufika volti 4.2, lakini ikinyonywa hadi chini ya 2.5 huanza kuharibika ndani, na hata ukiichaji tena hairudii uzima wake wa mwanzo. Ndiyo maana namvulia kofia fundi anayetia mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja, ndani ya taa.

Chukua ATtiny85. Ina pini 8 na kilobaiti 8 za kuhifadhia programu, nafasi isiyotosha hata picha moja ya simu. Kupitia transista, huiwasha na kuizima LED mara mamia kwa sekunde, na jicho haliwahi kuliona giza la katikati. Fundi mzoefu hazipangi ngazi za mwanga kwa kupunguza kiasi kilekile kila mara. Mwanga ukikatwa nusu, machoni huonekana umepungua kidogo tu. Kwa hiyo yeye hushuka kwa uwiano: asilimia 100, 40, 16, 6. Hapo kila hatua huonekana sawa na mwenzake.

Ila uhodari wenyewe umo katika kuipima betri, tena bila waya wa ziada. Ndani ya chipu mna volti 1.1 ambazo haziyumbi hata betri ikishuka. Fundi huigeuza hesabu: badala ya kuipima betri kwa volti hizo, huzipima volti hizo kwa betri. Jibu ni namba tupu, si volti: betri ikijaa, huwa karibu 268. Ikishuka hadi volti 3, jibu hupanda hadi karibu 375. Na kwa kuwa hiyo 1.1 hutofautiana kidogo kati ya chipu na chipu, fundi makini huikagua kila moja kwa mita na kuirekebisha programu yake. Hakuna mnunuzi atakayeiona kazi hiyo. Ataona tu kwamba taa hupunguza mwanga mapema, mwanafunzi akamaliza hesabu zake, kisha ikajizima yenyewe. Taa ikishajizima, chipu nayo hulala, na ikilala huweza kutumia chini ya mikroampia moja.

Mafundi wetu huzifungua taa zilizokufa na kuzitia seli mpya. Nawaomba waongeze na chipu hii, kwani seli mpya isiyo na mlinzi itakufa kama ile ya kwanza.