Nani Alishona Blanketi la Bibi Dee?

Hadithi ya Alice Walker iitwayo "Everyday Use", iliyotoka mwaka 1973, ni fupi kiasi kwamba unaweza kuimaliza ndani ya daladala kati ya Mwenge na Posta, mradi foleni iwepo. Labda ndiyo maana inafundishwa sana. Karibu kila mtu niliyezungumza naye aliyeisoma darasani ameniambia mambo yaleyale: Dee ni mbinafsi, Maggie ni mwema, mama aliamua sawa. Mimi nadhani hukumu hiyo hutolewa haraka mno. Tunabishana blanketi liende wapi kabla hatujauliza lilishonwa na nani.

Kwa ambaye hajaisoma: mama mmoja wa kijijini, Mmarekani Mweusi wa kusini mwa Marekani, anamsubiri binti yake mkubwa, Dee, aje kumtembelea. Nyumbani amebaki Maggie, mdogo mtu, mwenye makovu ya moto ulioteketeza nyumba yao ya zamani. Dee amesoma, amependeza, na amekuja na mwanamume, kamera na jina jipya. Anaipiga picha nyumba ya kimaskini ya mama yake. Anachukua vifaa vya kale vya kutengenezea siagi akapambie kwake. Kisha anafungua kasha la mama na kutoa mablanketi mawili ya viraka. Anayataka. Mama alishaahidi kumpa Maggie siku atakapoolewa. Dee anakuja juu: Maggie atayalalia mpaka yachakae, ilhali yeye atayatundika ukutani. Maggie, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindwa, anasema dada yake achukue tu. Hapo mama anamnyang'anya Dee mablanketi na kuyabwaga mapajani mwa Maggie.

Swali la mtihani hutoka hapo: ukuta au kitanda? Sanaa au matumizi? Nami nililijibu swali hilo hivyohivyo kwa miaka, mpaka nilipoanza kushona.

Kwanza niseme jambo kuhusu jina la kitu chenyewe. Kamusi inatupa neno mfarishi, lakini sijawahi kumsikia mtu akiliomba dukani, kwa hiyo nitasema blanketi la viraka. Nalo hilo si jina jepesi. Kwetu kiraka ni dalili ya shida. Mtoto mwenye kiraka kwenye kaptula huchekwa shuleni. Sehemu pekee ninayoijua ambako neno hilo ni sifa ni kwenye mpira, ambako mchezaji kiraka ni yule unayeweza kumpanga namba yoyote. Hata hivyo kuunga vipande si jambo geni kwetu. Inasimuliwa kwamba kanga yenyewe ilianza pale wanawake wa pwani waliponunua leso za mraba zikiwa bado hazijakatwa na kuziunganisha kuwa nguo moja pana. Tumesahau tu kwamba pale palikuwa na mshono.

Nilianza kushona kama burudani, baada ya kununua cherehani iliyokwishatumika. Fundi wa mtaani kwetu huniwekea mabaki ya vitenge kwenye mfuko wa sandarusi. Siku ya kwanza alipoona ninachofanya aliuliza, "Dada, Dar hii na joto lote hili, blanketi la nini?" Sikuwa na jibu, na bado sina. Nashona kwa sababu napenda: napenda kitenge kinapopasuka kwa mstari ulionyooka, napenda mlio wa mkasi mzuri, napenda pembe nne zinapokutana bila kupishana. Blanketi la kwanza nililolimaliza lilikwenda Njombe kwa mama mdogo, ambako baridi ni baridi kweli. Hakulilalia wala hakulitundika. Analo kabatini, na hulitoa wageni wakija.

Ukiwahi kushona blanketi la namna hii unajua kwamba ni kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuunga: unakata vipande, unaacha sentimita moja ya kushonea, unapiga pasi, unaunganisha mstari kwa mstari mpaka upate uso mzima. Watu husifia kazi hii kwa sababu ndiyo yenye rangi na umbo. Kazi ya pili haionekani sana. Unatandika kitambaa cha chini, unaweka pamba katikati, unalaza uso wako juu, unapiga bandi kuanzia katikati kwenda pembeni ili kisikunjamane, kisha unashona ukipita tabaka zote tatu, eneo lote, mshono baada ya mshono. Kwa blanketi langu la kwanza, kuunga kulichukua wiki mbili. Kushona tabaka kulichukua miezi mitatu, na vidole vikawa na matundu kwa sababu sikuwa na subana.

Baada ya hapo niliisoma tena hadithi ya Walker, na nikasimama kwenye sentensi moja ambayo nilikuwa nikiipita bila kuiona. Mama, ambaye ndiye msimulizi, anaeleza kwamba vipande viliungwa na Bibi Dee, halafu yeye mwenyewe na dada yake, Big Dee, wakayawamba mablanketi kwenye fremu barazani na kuyashona. Anasema hivyo na kuendelea na mambo mengine. Lakini maana yake ni kubwa. Mishono ile inayoshika tabaka tatu pamoja ni ya mikono ya huyu mama aliyesimama chumbani.

Sasa msikilize Dee. Amekumbatia mablanketi, anashangaa kwa sauti kwamba bibi yake alishona yote kwa mkono. Yote! Si kweli, na mtu anayeujua ukweli yuko hatua mbili kutoka kwake. Mama anasogea ili ayaguse, huku akimrekebisha jambo dogo tu: kwamba baadhi ya vipande vilitoka kwenye nguo ambazo Bibi Dee alirithi kwa mama yake. Kuhusu mikono yake mwenyewe hasemi kitu. Naye Dee anarudi nyuma kidogo, kiasi cha kutosha mama asiyafikie.

Kwangu mimi hicho ndicho kitovu cha hadithi. Binti anamzuia mshonaji asiguse mshono wake, huku akitangaza upendo wake kwa urithi. Ugomvi wa ukuta na kitanda unakuja baadaye, nao ni mdogo kuliko huu. Kosa la Dee halikuanzia kwenye kutaka kutundika. Alitaka kitu cha fundi aliyekufa kwa sababu fundi aliyekufa hadai chochote. Mama anapompa mablanketi mengine, yale yaliyoshonwa pindo kwa cherehani, anayakataa, ingawa mama anamwambia kwamba yatadumu zaidi. Anayeshona anamwelewa mama mara moja: blanketi huanza kufa pembeni, na pindo la cherehani huvumilia kufuliwa. Dee hanunui blanketi. Anachotaka ni muda wa mtu mwingine, na anautaka uwe wa kale.

Hata hivyo sitaki kumwacha Dee kizimbani bila wakili, hasa mbele ya wasomaji wa Afrika Mashariki, kwa sababu ametuhusisha na sisi. Jina alilojichagulia ni Wangero Leewanika Kemanjo. La kwanza linanuka Kikuyu kilichoandikwa na mgeni. La pili linamkumbusha msomaji Lewanika, mfalme wa Barotse, katika Zambia ya leo. Salamu anayowasalimia nayo mama na Maggie ni ya Kiganda, ile ya kumuuliza mtu amelalaje, nayo imeandikwa vipandevipande kama inavyosikika masikioni mwa mgeni. Walker alifika Afrika Mashariki akiwa mwanafunzi katika miaka ya 1960, kwa hiyo nashindwa kuamini kwamba mchanganyiko huo ni wa bahati mbaya. Mara ya kwanza nilicheka. Nilipoisoma nikiwa mshonaji sikucheka sana. Jina lile ni blanketi la viraka: kipande cha huku, kipande cha kule, vimeungwa na mtu ambaye nguo ya asili ilichanwa kabla hajazaliwa. Dee anafanya kwa majina kile ambacho bibi yake alifanya kwa mashati.

Tofauti ni kwamba bibi alivijua vipande vyake. Kile ni cha shati la Babu Jarrell. Kidogo kile cha buluu iliyopauka ni cha sare ambayo Babu Ezra aliivaa kwenye Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Kwenye kazi ya bibi, kila kiraka kina mtu wake. Na jina la Dee lilikuwa hivyohivyo: mama anaweza kulifuatilia kizazi baada ya kizazi, kurudi nyuma hata kuvuka vita hivyo. Dee alilitupa jina lenye historia iliyo mdomoni mwa mama yake akachukua vipande ambavyo hakuwa na wa kumuuliza.

Hadithi ikiishia hapo, ukuta unabaki na hatia. Lakini historia ya baadaye imeuliza swali hilo upya. Gee's Bend ni kijiji kilichozungukwa na kona ya mto Alabama, chenye familia nyingi zinazobeba jina la Pettway, jina la mwenye shamba aliyewamiliki wazazi wao wa zamani. Mwaka 2002 mablanketi ya wanawake wa kijiji hicho yalitundikwa kwenye jumba la makumbusho la sanaa huko Houston, kisha Whitney, New York. Yalikuwa ukutani, kama Dee alivyotaka. Mwaka 2006 mengine yaliwekwa kwenye stempu za posta za Marekani. Ila ukuta huu ulifanya jambo ambalo Dee hakulifanya: kila kazi ilikuwa na jina la aliyeishona. Ndivyo tunavyojua kwamba blanketi moja la mwaka 1942 ni la Missouri Pettway, aliyelishona kwa nguo za kazi za mumewe aliyefariki ili aendelee kujifunika naye. Bila ukuta ule nisingelijua. Ni kweli pia kwamba sifa zilileta maswali ya fedha, na mwaka 2007 baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani. Kwa hiyo ukuta wenye majina si haki kamili, lakini ni bora kuliko kitanda ambacho hakuna anayekumbuka aliyekitandikia.

Kutoka Gee's Bend nimepata pia jambo linalonisumbua mimi binafsi. Loretta Pettway, ambaye kazi zake ni miongoni mwa zinazosifiwa zaidi, ameeleza kwamba hakupenda kushona. Alikuwa na shamba, mifugo na familia ya kuhudumia, nyumba ilikuwa na baridi, na hakukuwa na wa kumpa mablanketi. Alishona kwa sababu ilibidi. Nilipolijua hilo nililiacha cherehani siku kadhaa. Je, ninafanya mchezo kwa kitu ambacho kwa mwingine kilikuwa mzigo?

Jibu nililonalo ni hili. Burudani ni kazi ambayo unaweza kuiacha, na Loretta Pettway hakuwa na nafasi ya kuiacha. Uhuru huo sikuutafuta kwa jasho langu, na sitajifanya Maggie kwa sababu nina sindano mkononi. Niko karibu zaidi na Dee: nimesoma, naishi mjini, nina simu yenye kamera. Lakini raha si uongo. Vidole vinavyojifunza kwa raha vinajifunza vilevile, na kitu cha kwanza vilichonifundisha ni kuuliza swali ambalo elimu yangu ya fasihi haikuniuliza. Sasa nikivaa gauni nawaambia watu ni fundi gani ameshona. Nikiingia nyumba ya mtu nikaona kitambaa cha kudarizi juu ya kochi, nauliza ni cha nani, na mara nyingi mwenyewe yuko jikoni.

Kwa sababu hiyohiyo nina lawama moja kwa Walker, ambaye nampenda. Hadithi inatuambia kwamba Maggie anajua kushona, kwamba alifundishwa na bibi na Big Dee, na kwamba anaweza kumkumbuka bibi hata bila mablanketi. Ndiye pia anayejua kile kifaa cha siagi kilichongwa na nani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: yakichakaa, atashona mengine, na mama analijua hilo. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ndani ya hadithi, lakini tunaambiwa tu. Hakuna mahali tunapomwona Maggie na sindano. Tunaona makovu yake, aibu yake, mwendo wake wa kuburura miguu, na mwishoni tabasamu lake. Kazi yake hatuioni. Anapewa mablanketi kama mtu aliyeonewa, wakati alistahili kuyapewa kama fundi.

Huenda ndiyo maana wanafunzi wengi huondoka darasani wakimhurumia Maggie bila kumheshimu. Ukiifundisha hadithi hii, jaribu kuanzia barazani, kwenye ile fremu na wale dada wawili walioinama pande mbili, kabla hujafika kwenye ugomvi. Waulize wanafunzi mablanketi yana mishono ya watu wangapi. Mimi nimehesabu watatu, na mmoja wao ndiye anayetusimulia.