KISASI NA KIASI: NAHAU MOJA YA KIINGEREZA KATIKA SENTENSI ZA KISWAHILI

Ichukuliwe sentensi hii ya mfano: "Mwezi wa Oktoba 1997 mvua ilirejea Kwale kwa kisasi." Kisarufi sentensi hii haina kosa. Upatanisho wake ni sahihi na mpangilio wa maneno yake ni wa kawaida. Hata hivyo, msomaji aliyelelewa Msambweni au Vanga huenda akasita alifikiapo neno la mwisho. Mvua hiyo ilimdai nani? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuwa lina uzito kuliko linavyoonekana, na kwa kuwa linahusu mahali na mwaka ambapo neno kisasi halikuwa pambo la lugha.

Asili ya sentensi hiyo haijifichi. Mwandishi anafikiri kwa nahau ya Kiingereza "with a vengeance", ambayo Waingereza wanaitumia tangu karne ya 16. Hapo mwanzo ilikuwa na maana ya laana. Baadaye laana ikapoa, kikabaki kishindo tu. Mwingereza wa leo asemapo kwamba baridi imerudi kwa namna hiyo, hamaanishi kwamba baridi ina kinyongo. Anamaanisha kwamba imezidi. Nahau hii basi ni ya kupita kiasi.

Neno kisasi katika Kiswahili limepita njia nyingine. Chimbuko lake ni Kiarabu, ambamo neno hilo ni istilahi ya sheria: malipizi yaliyo sawa na kosa, jino kwa jino, yasiyozidi wala kupungua. Mahali pake panaweza kuchukuliwa na dia, ambayo nayo ina kiwango chake. Mswahili halitumii neno hili pasipo kitenzi cha hesabu: kisasi hulipwa, hulipizwa, hutwaliwa. Hata pale ambapo nguvu inahitajika, nguvu hiyo huwekwa katika kitenzi. Lipa inakuwa lipiza, na sikia inakuwa sikiliza. Nomino yenyewe hubaki na mizani yake: kuna mdai, kuna mdaiwa, na kuna deni. Kwa hiyo nahau inayosema "bila kipimo" imetafsiriwa kwa neno linalosema "kwa kipimo". Ni vigumu kupata tafsiri iliyo mbali zaidi na asili yake.

Fasihi inathibitisha jambo hili. Katika Utengano (1980), riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyosomwa sana katika shule za upili za Kenya, Bi Farashuu hafanyi ghasia. Anangoja. Binti yake, Mwanasururu, ametendewa madhila na Bwana Maksuudi; siku inapofika, mkunga huyo anamtoa nje ya nyumba Maimuna, binti wa Maksuudi. Binti kwa binti. Kinachomtisha msomaji ni usawa wa malipo hayo na utulivu wa mlipaji, wala si ukali wake. Mwenye kovu, kama wasemavyo wahenga, usidhani kapoa. Mfasiri akimwelezea Bi Farashuu kuwa alirudi "kwa kisasi" kwa maana ya Kiingereza, atakuwa amemgeuza kuwa tufani, na riwaya nzima itakosa mhimili. (Kiingereza chenyewe kilikuwa na habari ya mizani hii. Shylock, ambaye Julius Nyerere alimleta kwa wasomaji wa Kiswahili mwaka 1969 katika Mabepari wa Venisi, hadai nyama tele. Anadai uzito uliotajwa katika hati, na ni uzito huohuo unaomwangusha.)

Wapo watakaopinga kwamba lugha hai hupoza maneno yake makali, na kwamba Kiswahili hakina haki ya kuwacheka Waingereza kwa jambo hilo. Hoja hii ina nguvu. Mtu husemwa kuwa ana njaa ya kufa mtu naye akaishi. Mvua huitwa ya balaa na mkulima akaishukuru. Vijana husema fulani ameua, na wanachomaanisha ni kwamba amefanya vizuri. Aidha, nahau nyingi za kigeni zimekaa vyema mdomoni. Mwaka 2002 shirika la Human Rights Watch liliipa ripoti yake kuhusu machafuko ya Pwani jina la Kiingereza lenye maana ya kucheza na moto, na jina hilo likigeuzwa kwa Kiswahili halipungukiwi na kitu. Moto huunguza popote.

Lakini kufa, balaa na moto ni mambo yasiyo na upande. Humfika yeyote. Kisasi hakiwezi kuwapo bila watu wawili, na katika kijiji watu hao wana majina. Hii ndiyo sababu kupoa kwake ni kugumu, na huko Kwale ni kugumu zaidi.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na polisi wakauawa. Mashambulizi yakaenea kusini katika Wilaya ya Kwale, hadi Ukunda na Diani. Waliolengwa hasa walikuwa watu wa bara, na waliouawa katika majuma yaliyofuata walizidi mia moja. Kaya Bombo, msitu wenye heshima ya kale, ikajulikana nchini kote kwa viapo vya wavamizi. Uchaguzi mkuu ulikuwa tarehe 29 Desemba mwaka huohuo. Kati ya matukio hayo mawili ndipo ziliponyesha mvua za El Nino, zilizoanza Oktoba na kuendelea hadi mwanzoni mwa 1998.

Sasa irudiwe ile sentensi ya mvua. Anayeandika juu ya Kwale ya Oktoba 1997 kwamba mvua ilirejea kwa kisasi amelichukua neno lililokuwa mlangoni mwa watu na kulivisha mawingu. Hilo ni kosa la ladha. Kosa kubwa linatokea nahau ileile inaposogezwa hatua moja: "Mashambulizi yalirejea kwa kisasi." Je, yalirejea kwa nguvu zaidi, au yalirejea ili kulipiza? Kiingereza kinaweza kuuacha utata huo uelee. Kiswahili hakiwezi, kisasi kikitajwa, deni limekubaliwa. Na kuwapo kwa deni ndiko hasa kulikobishaniwa. Je, yalikuwa malipizi ya wenyeji walionyimwa ardhi na kazi, au yalikuwa mashambulizi yaliyopangwa na wanasiasa kabla ya kura? Tume ya Jaji Akiwumi iliundwa mwaka 1998 kuchunguza mapigano ya kikabila, ikakamilisha ripoti yake mwaka 1999, nayo serikali ikaitoa hadharani mwaka 2002. Swali lililohitaji tume linajibiwa hapa na kielezi cha maneno mawili, na mwandishi hana habari kwamba amejibu.

Haiwezi kudaiwa kwamba alikosa neno. Kusini mwa Pwani ni mahali pa wavuvi na wakulima, watu ambao riziki yao hutegemea kupima nguvu za hewa. Bahari huchafuka, na ikizidi huchachamaa. Mvua hushtadi, neno linaloonyesha kupanda kwa ngazi, na ambalo waandishi wa leo wanalisahau bila sababu. Ikipita hapo, jina lake hukanushwa: ilinyesha mvua si mvua. Zipo tanakali pia, ingawa baadhi ya waandishi wanaziona za kitoto, jambo la kusikitisha. Hata "kwa kishindo", ambayo magazeti yameichosha, ina faida kwamba kishindo hakimdai mtu.

Kwa mvua ya Oktoba 1997 lipo lililo bora kuliko hayo yote. Mvua za Oktoba hadi Desemba ni za vuli, na vuli kwa kawaida ni haba. Mvua nyingi ni za masika. Atakayeandika kwamba mwaka ule vuli iligeuka masika atakuwa ameutaja msimu, ameitaja kawaida, na ameonyesha umbali kati ya kawaida hiyo na kilichotokea. Kupita kiasi kumeelezwa kwa kukitaja kiasi chenyewe. Msomaji wa Lunga Lunga hahitaji maelezo zaidi, na yule wa Nairobi atajifunza jambo.

Sentensi ya pili haina dawa rahisi kama hiyo. Mashambulizi hayana msimu. Anayetaka kusema kwamba yalizidi ukali ana "yalishtadi" na "yalipamba moto". Anayetaka kusema kwamba yalikuwa ya kulipiza itambidi aandike kitenzi kamili na viambishi vyake vyote: nani alimlipiza nani, na kwa lipi.