Bastola ya Takács ilivyohamia mkono wa kushoto

Tarime haina uhaba wa watu waliopita jeshini. Kaa na mstaafu yeyote, Sirari au Nyamwaga, atakueleza tofauti ya sajini na ofisa kabla chai haijapoa. Kwa hiyo kisa cha Károly Takács wa Hungaria hakihitaji maelezo marefu huku kwetu. Mwaka 1936 alikuwa miongoni mwa walenga shabaha bora wa bastola nchini mwake, lakini akaachwa nje ya Olimpiki ya Berlin kwa sababu nafasi zilikuwa za maofisa, naye alikuwa sajini.

Marufuku hiyo ikaja kuondolewa. Kisha mwaka 1938, mazoezini, guruneti bovu likamlipukia kwenye mkono wa kulia, ule wa bastola. Akalazwa mwezi mmoja, akatoka, akaanza kujifua kwa siri kwa mkono wa kushoto. Mwaka 1939 akawa bingwa wa taifa.

Wengi hukisimulia kisa hiki kwa kusifu moyo mgumu. Alikuwa nao, sikatai, lakini moyo haulengi. Mimi nataka kujua ni ujuzi gani alikuwa nao tayari, na upi ilibidi aujenge upya.

Shindano lake lilikuwa bastola ya kasi, mita 25. Vibao vitano husimama sambamba, na kila kimoja hupigwa risasi moja, kwanza ndani ya sekunde 8, baadaye 6, mwisho 4, hadi zitimie risasi 60. Mkono huanzia chini, na enzi za Takács vibao vilipogeuka ndipo ulipoinuliwa. Chukua zile sekunde 4: kuinua mkono na kufyatua risasi ya kwanza kukila sekunde moja na nusu, zinabaki mbili na nusu kwa risasi nne. Hapo hakuna nafasi ya kulenga kila kibao upya. Bega, kiwiko na kifundo cha mkono hukazwa viwe kitu kimoja, kiwiliwili kinageuka kuanzia kiunoni, na bastola inafuata. Jicho halikimbilii kibao, linabaki kwenye kinundu cha mbele cha mtutu.

Sasa hesabu: miguu, kiuno, jicho, mwendo wa sekunde. Hakuna hata kimoja kilichokuwa mali ya mkono wa kulia, na vyote Takács alikuwa amevinoa kwa miaka. Kilichokosekana ni bega la kubeba uzito, na kidole kinachovuta triga peke yake bila vidole vingine kubana mpini. Hiyo ndiyo kazi ngumu, nayo hufanywa kwa kufyatua bastola tupu, tena na tena, hata chumbani.

Wapiga upinde wa Kikurya na Kiikoma hawatashangaa. Mwenye kuvuta kwa mkono wa kulia huushika upinde kwa wa kushoto, na huo wa kushoto ndio unaoelekeza mshale. Bunduki ingemtesa Takács zaidi: kitako kiko begani, shavu limelala juu yake, ukihama bega umehama na jicho. Bastola iko mbali mbele ya uso. Geuza shingo kidogo, na jicho lile lile la zamani linapata mstari wake.

Vita vikameza michezo ya Olimpiki ya 1940 na 1944. London, 1948, akiwa na miaka 38, Takács alipata pointi 580, rekodi ya dunia. Bingwa wa dunia, Carlos Sáenz Valiente wa Argentina, alipata 571. Inasimuliwa kwamba kabla ya shindano Mwargentina huyo alimuuliza amefuata nini London, akajibu amekuja kujifunza.

Kwangu mimi, kazi kubwa zaidi ni ya Helsinki, 1952. Safari hii hakuna aliyeshangazwa na mkono wake, na aliyemkaribia alikuwa Mhungaria mwenzake, Szilárd Kun, kijana mdogo kwa Takács kwa miaka mingi. Takács alipata 579, Kun 578.